Maji salama nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuua vijidudu

Maswali haya ni ya watu wa mgao, wa kisima cha mtaa, wa boza na wa madumu ya mkokoteni, maana ndio wengi wetu. Majibu yanahusu jambo moja: kuondoa vijidudu vinavyoleta magonjwa katika maji ya kunywa. Chumvi na floridi nimezigusa mahali pamoja tu, kwa sababu watu huzichanganya na vijidudu. Ukiwa na haraka, anza na swali la mtoto anayeharisha ingawa maji yamechemshwa, maana ndilo la kuhifadhi maji. Huko ndiko kazi yote ya kuchemsha inakopotelea.

Maji ya kisima chetu ni maangavu na matamu, tena tumeyanywa tangu utotoni. Kwa nini niyatibu?

Kwa sababu jicho na ulimi haviwezi kukuambia kitu kuhusu vijidudu. Bakteria wa kipindupindu ni mdogo kiasi kwamba mamia yao wakipangwa mstari mmoja hawafiki milimita moja. Maji yanaweza kumeremeta na bado yakaua.

Mfano wake mchungu ni wa London mwaka 1854. Kipindupindu kilipozuka mtaa wa Soho, daktari John Snow alifuatilia vifo na kugundua kwamba vingi vilizunguka bomba moja la mkono la Broad Street. Palikuwa na mama mmoja mjane aliyekwisha kuhama, akiishi Hampstead, kilomita kadhaa kutoka pale. Lakini aliyapenda mno maji ya bomba lile kwa ladha yake, akawa analetewa chupa kwa mkokoteni. Aliyanywa, akafa kwa kipindupindu. Mpwa wake aliyemtembelea akayanywa pia, naye akafa alipokwenda kwao. Yale yalikuwa maji yaliyosifiwa.

Na hilo la "tangu utotoni" lina mambo mawili ndani yake. Mtu mzima aliyezoea vijidudu vya kwao huweza kuwa na kinga kiasi. Mtoto wa miezi minane hana. Pili, kisima ni kilekile ila mtaa umebadilika. Mlipokuwa nyumba tano na mashamba, vyoo vilikuwa vitano. Leo nyumba ni mia mbili, kila moja na shimo lake.

Vijidudu gani hasa tunavyoviogopa?

Makundi ni manne, na kuyajua kunasaidia kwa sababu hayafi kwa dawa moja. Kuna bakteria: wa kipindupindu, wa homa ya matumbo ambayo wengi tunaiita taifodi, wa kuhara damu, na baadhi ya aina za E. coli. Hawa ndio wepesi kuwaua. Moto huwamaliza, klorini huwamaliza, jua kali huwamaliza. Kuna virusi, kama rota anayehangaisha watoto, na wale wa homa ya ini aina ya A na E. Ni wadogo mno, hupenya vichujio vingi, ila moto na klorini huwaweza. Kuna protozoa, yaani amiba, jiadia na kriptosporidiamu, ambao hujifunika ganda gumu na kuistahimili klorini. Halafu kuna mayai ya minyoo, makubwa kuliko hao wote, ambayo hutuama chini au hunaswa na chujio.

Karibu wote chanzo chao ni kinyesi, cha mtu au cha mnyama. Kwa hiyo ukiuliza maji yameharibikia wapi, kwa kweli unauliza kinyesi kimeyafikia wapi.

Maji ya bomba si yameshatibiwa na mamlaka?

Yametibiwa, na kazi inayofanyika kule ni kubwa. Maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Maji ya mto yana tope, hasa masika. Huwekewa dawa ya kugandisha tope ili chembe ndogo zishikamane na kuwa mabonge, yakaachwa yatuame, yakapitishwa kwenye mchanga, na mwisho yakatiwa klorini. Mitambo ya Ng'ethu, inayopokea maji ya bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi, hufuata hatua za namna hiyohiyo.

Mchanga peke yake una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1892 miji miwili ya Ujerumani iliyopakana, Hamburg na Altona, yote ilitumia maji ya mto Elbe. Hamburg ilisukuma maji mabichi mpaka majumbani. Altona, iliyokuwa chini ya mto na kupokea maji yaliyokwisha kuchafuliwa na Hamburg, iliyachuja kwanza kwa mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilipoteza watu zaidi ya 8,000 kwa majuma machache, na Altona ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Kwenye mtaa uliokuwa mpakani, upande mmoja uliugua na upande wa pili haukuguswa. Miaka 16 baadaye, mwaka 1908, Jersey City ya Marekani ikaanza kutia klorini katika maji ya mji mzima siku zote, na miji mingi ikafuata.

Tatizo letu liko njiani. Klorini inayotiwa mtamboni hukusudiwa ibaki kidogo ndani ya maji mpaka bombani kwako. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota. Lakini mabomba yetu yana mgao. Maji yakiwa yanatiririka, msukumo wake huyatoa nje penye ufa, na uchafu hauingii. Yakikatika, bomba hubaki tupu na hufyonza kile kilicho nje yake: maji ya mtaro, ya shimo la choo lililofurika, ya dimbwi. Yakirudi, huja na uchafu huo. Ndiyo maana naona haifai kunywa maji ya mwanzo baada ya mgao. Yaache yatiririke kwenye ndoo ya kufulia hadi yakae sawa, ndipo ukinge ya kunywa, na hayo nayo uyatibu.

Nichemshe kwa dakika ngapi?

Mpaka yatokote kabisa: mapovu makubwa yapande toka chini na kuvurugika juu, yasiwe yale mapovu madogo ya pembeni mwa sufuria. Yakitokota hivyo kwa dakika moja, bakteria, virusi na protozoa wote wamekwisha. Hakuna haja ya dakika kumi au ishirini. Ushauri huo wa dakika ishirini umewachomea watu mkaa mwingi bure, na nadhani umewafanya wengine waache kuchemsha kabisa.

Walio nyanda za juu huuliza, na wana sababu. Kadiri unavyopanda, maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Nairobi na jiji la Mbeya ziko kwenye mita kama 1,700, na huko maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Bado ni joto la kutosha, kwa sababu vijidudu hivi huanza kufa kabla maji hayajafika hata nyuzi 70. Ukiwa juu ya mita 2,000, ongeza: yaache yatokote dakika tatu.

Kisha yafunike na yapoe ndani ya sufuria ileile. Usiyamimine kwenye chombo kingine ili yapoe haraka, labda kama chombo hicho kimeoshwa kwa maji yaliyochemshwa.

Mkaa umepanda bei. Naweza kupunguza?

Chemsha ya kunywa, ya kusukutua meno na ya kuoshea matunda na kachumbari tu. Ya kupikia ugali au maharage yatachemka jikoni vilevile, na chai ni maji yaliyochemshwa. Tumia mfuniko. Chemsha usiku, baada ya kupika, jiko likiwa bado lina moto. Asubuhi yatakuwa yamepoa. Na kama hata hivyo gharama ni nzito, hamia kwenye dawa ya maji. Dawa inayotumika kila siku inakulinda kuliko moto unaowashwa siku ya mshahara peke yake.

Dawa ya maji hutumikaje?

Zilizoenea madukani na kwenye zahanati ni vidonge vya klorini na dawa ya chupa. Kidonge cha miligramu 67 ni cha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Dawa ya chupa hupimwa kwa kifuniko chake, kwa kufuata maandishi ya chupa hiyohiyo, maana nguvu hutofautiana. Tia, koroga, funika, subiri dakika 30. Hizo dakika 30 ndizo dawa inazofanyia kazi. Mtu akitia na kunywa papo hapo, amekunywa klorini na vijidudu pamoja.

Maji yakiwa na tope, klorini huliwa na tope kabla ya kufika kwa vijidudu. Yatulize kwanza, yachuje kwa kitambaa safi, na kama bado yana ukungu tia kipimo mara mbili. Baada ya nusu saa, harufu kidogo ya klorini ni dalili nzuri. Kama hakuna harufu kabisa, huenda dawa yote imeishia kwenye uchafu. Rudia kipimo, subiri tena.

Wengi hulalamikia ladha. Acha ndoo usiku kucha ikiwa imefunikwa, au mimina maji mara chache kati ya majagi mawili safi, harufu itapungua. Usitie limao au juisi ya unga kabla dakika 30 hazijaisha, kwa sababu huila klorini. Baada ya hapo, tia upendavyo.

Dawa ya kufulia nguo nyeupe, naweza kuitumia kwenye maji?

Kiini chake ni kilekile, sodiamu haipokloriti, lakini soma chupa. Isiwe na manukato, rangi wala sabuni ndani yake. Kama imeandikwa asilimia 3.5, ndoo ya lita 20 ya maji maangavu inahitaji mililita moja na ziada kidogo tu. Pima kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, linauzwa duka la dawa. Usikadirie kwa macho wala kwa kijiko cha chakula.

Dawa hii hupungua nguvu ikikaa, hasa kwenye joto na mwanga. Chupa iliyokaa dirishani mwaka mzima usiitegemee. Na kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo: hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Kama vidonge vinapatikana, nunua vidonge. Hii ya kufulia ni ya siku ambayo hakuna kingine.

Nasikia klorini inaharibu uzazi na kuleta saratani. Kweli?

Kwa kipimo cha maji ya kunywa, hapana, haiharibu uzazi. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali ni miligramu 5 kwa lita, na ndoo iliyotiwa kidonge kimoja ina kama 2.

Habari ya saratani ina chanzo cha kweli, kwa hiyo niieleze vizuri. Klorini ikikutana na mabaki ya majani na tope hutengeneza kemikali nyingine, na baadhi ya hizo, kwa wingi na kwa miaka mingi, hutiliwa shaka. Ndiyo sababu mitambo hutoa tope kwanza kabla ya kutia klorini, na ndiyo sababu nawe unashauriwa kuchuja kwanza. Lakini Shirika hilohilo la Afya linasema wazi kwamba hatari hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na ya kunywa maji yasiyotibiwa. Kipindupindu humaliza mtu kwa saa chache. Ninaposikia mzazi ameacha dawa ya maji kwa sababu ya ujumbe wa simu, huwa naumia.

Kwa hiyo klorini inaua kila kitu?

Hapana. Kriptosporidiamu haimwezi kwa kipimo cha kawaida. Mwaka 1993 aliingia katika maji ya mji wa Milwaukee, Marekani, mji wenye mitambo ya kisasa na klorini ya kutosha, na watu wapatao 400,000 wakaugua. Uchujaji ulikuwa umelegea katika mtambo mmoja, na klorini peke yake haikuweza kuziba pengo hilo.

Kwa familia nyingi hili lisiwe sababu ya kuiacha dawa, kwa kuwa vijidudu vinavyoua zaidi huku kwetu klorini inaviweza. Ila nyumba yenye mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, kwa UKIMWI usiotibiwa, kwa dawa za saratani au kwa utapiamlo mkali, mtu huyo apewe maji yaliyochemshwa.

Chujio lipi lifae?

Hapa watu hupoteza fedha nyingi, maana neno "chujio" hubeba vitu vinavyotofautiana sana.

Kitambaa hutoa takataka, na kikikunjwa vizuri hutoa hata viumbe wadogo wa majini ambao bakteria wa kipindupindu hupenda kuwashikilia. Huko Bangladesh, kina mama walifundishwa kuchujia maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua karibu nusu katika vijiji hivyo. Ni faida kubwa kwa kitu kisicho na gharama, lakini nusu iliyobaki bado ni wagonjwa. Kitambaa ni hatua ya kwanza.

Chujio la udongo wa kuchomwa, liwe la umbo la chungu au la mshumaa ndani ya ndoo mbili, huzuia bakteria wengi na protozoa wote likiwa zima. Virusi wengi hupita. Likipata ufa mdogo usioonekana, hupitisha kila kitu. Lisugue kwa brashi laini linapopunguza kasi, usitumie sabuni, na ulibadilishe kwa wakati.

Vichujio vya nyuzi zenye matundu madogo sana hufanya vizuri zaidi, na vile vya kusukuma maji kwa mashine kupitia utando mwembamba huondoa hata chumvi. Vinahitaji umeme, vipuri na fundi. Taa za miale ya urujuanimno nazo huua bakteria, virusi na hata kriptosporidiamu, mradi maji yawe maangavu na umeme uwepo, ila haziachi kinga yoyote ndani ya maji. Yakishatoka kwenye taa yanaweza kuchafuka upya.

Na lile chujio la mkaa la kufunga kwenye bomba la jikoni? Huondoa ladha na harufu, pamoja na klorini iliyokuwa ikikulinda. Halijatengenezwa kuua vijidudu. Ukilitumia, uwe na njia nyingine baada yake.

Kuanika chupa juani ni kweli kunafanya kazi?

Ni kweli, na wanasayansi wa Lebanon na Uswisi wamelifanyia kazi kwa miongo mingi. Chukua chupa ya plastiki ya maji au soda, inayopitisha mwanga na isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, isiyo na mikwaruzo mingi, ondoa karatasi yake. Jaza maji maangavu, ilaze juu ya bati tangu asubuhi kwa saa sita za jua kali. Mawingu yakifunika nusu ya anga au zaidi, ziwe siku mbili mfululizo. Mvua ya kutwa, usiitegemee njia hii. Ili kujua kama maji ni maangavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia toka mdomoni hadi chini: ukisoma kichwa cha habari, yanafaa. Chupa yenyewe ndiyo chombo cha kuhifadhia, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu hakuna mkono unaoingia.

Shabu na mbegu za mlonge husaidia?

Husaidia kuangaza maji. Vyote viwili hukusanya tope likatuama, na likituama hushuka na vijidudu vingi. Vinavyobaki juu vinatosha kukuuguza. Baada ya shabu au mlonge, mwaga taratibu maji ya juu kwenye chombo kingine, kisha chemsha au tia dawa. Maji ya mlonge yasikae zaidi ya siku moja, kwani mabaki ya mbegu huoza.

Tufanyeje na kisima chenyewe?

Anza na kinachokizunguka. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Mdomo uinuliwe na kuzungushiwa sakafu ya saruji yenye mfereji wa kupeleka maji mbali, kuwe na mfuniko, na kamba na ndoo moja ya kisima isiyowekwa chini. Pampu ni bora kuliko ndoo. Bila hayo, klorini utakayomwaga leo itakuwa kazi bure baada ya mvua ya kwanza.

Kisima kilichoingiliwa na mafuriko au kilichofanyiwa matengenezo kinahitaji dawa kali ya mara moja, miligramu 50 za klorini kwa lita. Hesabu yake ni hii: kisima cha mviringo chenye upana wa mita 1 na kina cha maji mita 3 kina lita kama 2,350. Zidisha kwa 50, unapata gramu 118 za klorini tupu. Kama una klorini ya unga ya asilimia 65, ni gramu 180 hivi. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji, iache ituame, mwaga maji yake kuzunguka kuta, koroga kwa kuteremsha na kupandisha ndoo, funga kisima usiku kucha. Kesho yake chota na kumwaga hadi harufu ipungue, na maji hayo yasielekezwe kwenye bwawa la samaki. Mshirikishe afisa afya wa kata. Na asiteremke mtu kisimani bila vifaa na watu wa kumvuta juu, maana chini hewa huweza kukosekana, na waliokwenda kumwokoa mwenzao wamekufa naye.

Dawa hiyo haikai. Ukishaondoa maji yale, yanayoingia mapya hayana kinga. Ya kunywa yaendelee kutibiwa nyumbani.

Na tanki la juu ya nyumba?

Lioshwe angalau mara mbili kwa mwaka. Sugua kuta na tope la chini, toa yote. Jaza, tia klorini ya unga gramu 75 kwa kila lita 1,000, fungua mabomba yote ya ndani hadi usikie harufu, funga, acha saa 12. Maji hayo mwagia vyooni na sakafuni. Angalia mfuniko: ndege, popo na mijusi ndio wageni wa tanki lililo wazi. Kwa maji ya mvua, acha mvua ya dakika za mwanzo ioshe bati kabla hujaelekeza bomba tankini.

Kuchemsha kunaondoa chumvi na floridi?

Hakuondoi, tena kunazizidisha kidogo, kwa kuwa maji hupungua na zenyewe hubaki. Hili ni muhimu kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na bonde lote la ufa, ambako floridi hudhoofisha meno na mifupa ya watoto. Kule dawa yake ni nyingine. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimetumia mkaa wa mifupa kuinasa. Kadhalika visima vya chumvi vya pwani. Usidhani maji yaliyochemshwa yametatua kila tatizo.

Maji nimeyachemsha, na mtoto bado anaharisha. Kwa nini?

Swali hili ndilo ninalolijali kuliko yote. Mara nyingi maji yalikuwa salama saa moja, yakachafuka saa ya pili. Ndoo imefunikwa sahani. Juu ya sahani kuna kikombe. Mtoto katoka kucheza, kachovya kikombe pamoja na vidole. Jirani kaja, kachota kwa kikombe hichohicho. Maji yaliyochemshwa hayana kinga: kijidudu kimoja kikiingia hakikuti kitu cha kukiua, na kwa joto la pwani bakteria wengine huongezeka humo.

Kwa hiyo chombo ni sehemu ya dawa. Kilicho bora ni ndoo yenye koki na mfuniko unaobana, au dumu la mdomo mwembamba ambalo mkono haupiti. Kama una mtungi, na mtungi hupoza maji vizuri, uwe na kata ya mpini mrefu inayotundikwa ukutani, isiyotumika kwa kazi nyingine wala kunywewa. Chombo cha maji mabichi na cha maji ya kunywa visibadilishane. Dumu la kuchotea lisuguliwe ndani kila juma. Utelezi unaousikia kwa kidole ni makazi ya bakteria. Maji ya klorini yanyweke ndani ya saa 24 au yatiwe tena. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na baada ya kumsafisha mtoto.

Wenye fedha kidogo huniuliza wanunue nini kwanza, chujio au ndoo yenye koki. Mimi husema ndoo yenye koki na paketi ya vidonge.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maji gani?

Maziwa ya mama tu, hata wakati wa joto. Maji yake yamo humo. Kama kwa sababu ya kitabibu anatumia maziwa ya unga, yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana joto la nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe huweza kuwa na bakteria, kisha yapozwe kabla ya kumnywesha.

Barafu, maji ya kandoro na ya chupa?

Barafu haiui, vijidudu hulala humo na huamka ikiyeyuka. Kandoro, yaani maji ya mifuko ya kufunga kwa mkono, hutegemea mkono uliofunga, na mfuko wenyewe hufunguliwa kwa meno. Ya chupa angalia alama ya ubora ya TBS au KEBS na kifuniko kisichovunjwa.

Nitajuaje kama maji yangu ni salama?

Maabara hutafuta E. coli, kwa kuwa akiwepo, kinyesi kimefika. Kipimo kinachotakiwa ni sifuri katika mililita 100. Mamlaka za maji na maabara za mkoa hupima, na jibu la kipimo hiki kwa kawaida hupatikana baada ya siku moja au zaidi, kwa sababu bakteria lazima waoteshwe. Klorini iliyobaki hupimwa papo hapo kwa kidonge kinachogeuza maji rangi ya waridi. Kumbuka kwamba jibu la maabara ni la maji ya siku ile. Kisima kilichofaulu Januari kinaweza kushindwa Aprili.

Tukipata mgonjwa wa kuhara nyumbani, tufanye nini kwanza?

Mrudishieni maji mwilini tangu haja ya kwanza. Paketi moja ya chumvi ya kuongeza maji mwilini iyeyushwe katika lita moja ya maji yaliyotibiwa, anywe kidogo kidogo bila kukoma. Ikikosekana: lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, visawazishwe juu. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kutoka zahanati, na anyonye kama kawaida. Choo kikiwa cheupe mithili ya maji ya mchele, macho yakididimia au akishindwa kunywa, nendeni kituo cha afya hapohapo, mkiendelea kumnywesha njiani.

Goma, Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walijikuta juu ya ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika vyoo, wakinywa maji ya ziwa Kivu. Watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Lakini mgonjwa wa kipindupindu anayepata maji na chumvi mapema karibu kila mara hupona. Vifo hushuka chini ya mmoja kati ya mia. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani hadi Zanzibar ulituonyesha kwamba wanaochelewa kufika ndio wanaopotea. Msione haya kumpeleka mtu mapema, wala msisubiri kuche. Nyumbani, matapishi na choo vimwagiwe klorini kali, na maji ya kunywa ya nyumba nzima pamoja na majirani mnaochota mahali pamoja yatibiwe kuanzia siku hiyohiyo.